Theluji ya Rwenzori: niichapishe kwa rangi au nyeusi-nyeupe? Nimekwama wadau

Kamera_ya_Kasese

Wadau habari za huko mliko. Hapa Kasese joto limetubana leo mpaka mbuzi wamejilaza chini ya gari la jirani, na mimi nimejifungia ndani na laptopu naangalia theluji.

Kisa ni hivi. Mwezi wa saba nilipanda Rwenzori, ile njia ya kawaida, Nyakalengija, Nyabitaba, John Matte, Bujuku, Elena, halafu Margherita mita 5,109, siku nane za matope na ambao mmepanda mnajua matope ya kule si ya kuruka ni ya kuzama. Nikarudi na picha zaidi ya elfu. Sasa kuna mtu ana ukumbi wake mdogo anataka picha sita za ukutani, kubwa, na sharti lake ni moja tu: zote za rangi au zote nyeusi-nyeupe, nisimchanganyie. Wiki mbili hizi nachagua nafuta nachagua tena.

Za chini hazina shida, rangi zinaongea zenyewe. Lobelia zimesimama kama mishumaa ya kanisani, zile senekio zenye vichwa vya kabichi, miti ya heza imeota ndevu za kijani zinaning'inia mpaka unahisi inakuangalia, na kule kwenye bwawa la Bigo kuna kuvumwani ya njano na nyekundu kama zulia la mtu mwenye hela. Lakini ukishaivuka Bujuku rangi inaanza kufa. Theluji yenyewe kwenye skrini imetoka kijivu kama maji ya kufulia, na mahali pengine bluu kabisa kama mtu kaimwagia ile bluu ya kufulia mashati ya shule. Nikizigeuza nyeusi-nyeupe zinasimama vizuri ajabu. Tatizo kila anayeziona ananiuliza "hii ni Uswisi?" na hapo ndipo roho inaniuma, maana ni hapa hapa, asubuhi ukungu ukiondoka naiona nikiwa nanunua rolex (chapati na mayai) barabarani.

Nishaurini.

StudioYaKafunda

Rangi. Uzi umeisha, mods fungeni.

Mimi napiga harusi hapa Kampala mwaka wa tisa huu, ukimpelekea bwana harusi albamu nyeusi-nyeupe mama yake atauliza nani amekufa. Watu wetu picha isiyo na rangi ni ya matanga au ya kitambulisho cha zamani. Wewe unataka kumuonyesha Mganda theluji yake ya kwanza halafu unamuonyesha ya kijivu, si bora umuonyeshe friza?

BintiWaKyeyo

Haha Studio acha fujo. Kaka wa Kasese pole na hongera kwa kupanda, mimi ni Mganda niliyezaliwa Fort Portal, nimeuona mlima huo utotoni mwote na sijawahi kuukanyaga, theluji yangu ya kwanza nimeikuta Tromsø huku Norwe nilikokuja kusoma. Sasa ni mwaka wa nne napiga picha za majira ya baridi kwa hiyo ngoja nikusaidie kwanza kwa hio kijivu kabla hatujafika kwa rangi.

Theluji yako si ya kijivu, kamera imekudanganya. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera kinadhani dunia nzima ni ya wastani, kijivu cha kati, kile cha asilimia 18. Ukikielekeza kwenye matope kinapatia. Ukikielekeza kwenye theluji kinashtuka, kinasema huu mwanga umezidi, kinaupunguza mpaka nyeupe inafanana na jivu la jikoni. Dawa yake ni kuikatalia kamera, unapandisha ekspoja, yaani mwanga unaoingia, stopu moja na nusu, jua likiwaka hata mbili, na unaangalia histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye skrini, isigonge ukuta wa kulia. Mwaka wa kwanza nilipiga baridi nzima bila kujua hili, nilidhani lenzi yangu imeharibika nikampigia kelele aliyeniuzia.

Na hio bluu si uongo. Kivuli kilicholala kwenye theluji hakipati jua, kinachokiangaza ni anga tu, na anga ni la bluu, sasa ulitaka kiwe rangi gani? Macho yetu yanaizoea haraka yanasema nyeupe, kamera haina adabu hiyo inasema ilichokiona. Ukiweka waiti balansi (ile ya kuiambia kamera nyeupe ni ipi) ya kivuli, Kelvin elfu saba hivi, bluu inapungua lakini ile theluji iliyo juani inageuka chai ya maziwa. Mwisho unachagua unataka kudanganya upande gani.

Huku kwetu kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa, linabaki chini ya upeo, saa sita mchana kuna mwanga wa bluu na kwa mbali pinki kidogo kusini, basi, baada ya masaa machache giza. Mwanga ule ukiugeuza nyeusi-nyeupe umeua picha maana picha yote ilikuwa ni hio bluu. Februari jua likirudi, kali na la chini, vivuli virefu kwenye theluji, hapo ndo naona nyeusi-nyeupe inapata kazi. Kwa hiyo swali lako mimi nisingeliuliza kwa mlima mzima, ningeliuliza kwa kila mwanga.

MzeeWaNegativu

Binti umefundisha vizuri. Nyie vijana mnaoanza na kompyuta mnadhani nyeusi-nyeupe ni rangi iliyotolewa rangi. Si hivyo. Mimi nilikuwa na studio Jinja, nimeosha filamu chumba cheusi miaka zaidi ya ishirini, mikono imenuka dawa mpaka mke wangu akawa ananipakulia chakula na kijiko kirefu. Nyeusi-nyeupe unaamua kabla hujabonyeza, kwa sababu unaangalia vitu vingine kabisa: giza na mwanga, umbo, mkunjo. Rangi unaiangalia kwa jicho la sokoni.

Na kuna filta. Filta ya njano juu ya lenzi inashusha anga kidogo na theluji inaonyesha mikunjo yake. Ya rangi ya chungwa inazidi hapo. Nyekundu ndiyo yenye ukali, anga la bluu linakaribia kuwa jeusi, na vivuli vya theluji pia vinakolea, kwa sababu ile ile aliyoieleza Binti: kivuli kile ni bluu na nyekundu haipitishi bluu. Mmarekani Ansel Adams mwaka 1927 kule Yosemite alipiga uso wa mwamba wa Half Dome kwanza na filta ya njano, akabaki na sahani moja tu ya kioo, akaweka nyekundu, na ndiyo iliyomtoa. Theluji ilibaki nyeupe anga likawa usiku. Siku hizi mnaburuza kitelezi cha bluu kwenye kompyuta mnashusha, mnapata karibu hicho hicho, ilimradi faili lina rangi ndani yake.

Kijana wa Kasese, wewe unajua kwamba mlima huo picha zake za kwanza za maana ni nyeusi-nyeupe? Vittorio Sella, Mtaliano, alikuja na Duke wa Abruzzi mwaka 1906, wakafika Margherita tarehe 18 Juni. Mwaka mmoja tu baadaye, 1907, ndipo ndugu Lumière wa Ufaransa wakaanza kuuza sahani za rangi. Sella hakuchagua. Hakukuwa na cha kuchagua! Nyie mnacho, ndo maana mnaumwa vichwa.

StudioYaKafunda

Mzee heshima yako lakini "jicho la sokoni" umenigusa, ni soko hilo hilo linalonilipia ada za watoto 😂

bwera_mpakani

Habari yenu bote. Mi niko huku Bwera nafanya biashara mpaka Kasindi, picha napiga ya simu tu, lakini nauliza, hii filta nyekundu si ndiyo inapenya ukungu? Kuna rafiki wa Beni aliniambia ukiweka nyekundu unaona mlima hata ukungu ukiufunika. Sababu huku mlima unajificha, saa nne ya asubuhi tayari hauko, unaweza pita mwezi muzima hujauona.

MzeeWaNegativu

Rafiki yako amepatia nusu. Kuna ule utando wa bluu wa mbali, vumbi na hewa, unaouona ukitazama milima ya mbali wakati wa kiangazi. Huo nyekundu inaukata kweli. Lakini ukungu wa Rwenzori ni matone ya maji, makubwa, hayabagui rangi, yanarudisha mwanga wote sawasawa. Weka nyekundu, weka kijani, weka nyavu ya samaki, utapata ukungu.

bwera_mpakani

Nyavu ya samaki 😂😂 asante mzee nimesikia.

Kamera_ya_Kasese

Nimecheka lakini nalia ndani kwa ndani, mtaona sasa hivi kwa nini.

Sella nilimjua kwa jina la kilele, kuna Sella pale mlima Luigi di Savoia, lakini picha zake nilikuja kuziona baada ya kushuka, na ndizo zimenivuruga kabisa. Yule bwana kapiga mlima Stanley, ule wenye Margherita, barafu imejaa kama maziwa yaliyofurika sufuria. Mimi nimesimama karibu na hapo hapo naona mwamba. Wanaopima wanasema mwaka 1906 barafu ya Rwenzori nzima ilikuwa kama kilomita za mraba 6.5, ilipofika 1987 zimebaki kama 2, na 2003 kama 1. Miaka mingapi imepita toka hapo hesabuni wenyewe. Na zamani milima sita yote ilikuwa na barafu, Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na huyo Luigi, sasa ukitaka barafu ya kuitwa barafu unaenda Stanley.

Basi wazo langu lilikuwa nizipige nyeusi-nyeupe makusudi ili zikae ukutani na roho ya 1906, mtu alinganishe. Ndo maana nilipofika Elena nikaigeuza kamera nikaiweka monokromu.

BintiWaKyeyo

Kaka subiri. Uliiweka monokromu, faili ulikuwa unahifadhi kwa RAW au JPEG?

Kamera_ya_Kasese

Hapo sasa.

StudioYaKafunda

Weeee usiniambie

Kamera_ya_Kasese

Memori kadi ilikuwa imejaa. Ya pili nilimwazima mtu Kasese mjini hakurudisha (anasoma uzi huu najua, Mungu anakuona). Nikasema ili nafasi itoshe ngoja nitumie JPEG peke yake, na nikaweka monokromu juu yake. Picha zote za juu ya Elena, Stanley Plateau, Margherita, zile tulizoanza kutembea saa nane za usiku na taa kichwani, hazina rangi hata chembe. Zile za kijivu na bluu nilizowaeleza mwanzo ni za Bujuku tukiangalia juu, na chache za Elena jioni kabla sijageuza. Kwa hiyo nimewauliza rangi au nyeusi-nyeupe wakati kwa nusu ya safari hakuna swali. Nilikuwa naona aibu kusema.

StudioYaKafunda

Siku nane matopeni. Mita 5,109. JPEG. Banange.

Kwa wasiojua wanaosoma kimya kimya: kamera ukiiweka monokromu lakini unahifadhi RAW, skrini inakuonyesha nyeusi-nyeupe na rangi zote zinabaki salama ndani ya faili, ukifika nyumbani unaamua. Ukiweka JPEG peke yake kamera inazitupa rangi hapo hapo mlimani. Hata mimi wa matanga na harusi najua.

BintiWaKyeyo

Studio mwache jamani. Kaka pole. Na ujue hata kile kitelezi cha bluu cha Mzee huwezi kukitumia kwa hizo, maana bluu haimo. Ulicho nacho ni mwanga na giza tu vile kamera ilivyoamua. Naomba niulize, betri zilifika?

Kamera_ya_Kasese

Ya kwanza ilikufa Margherita yenyewe, inasema asilimia 40 halafu paap imezima. Ya pili ilikuwa kwenye mkoba nyuma, barafu tupu, ikapiga picha kumi na moja.

BintiWaKyeyo

Betri hazifi, zinalala kwa baridi. Huku mimi naziweka mfuko wa ndani kabisa, zikae na mwili, nabadilishana moja ndani moja kwenye kamera, na ile "iliyokufa" ikipata joto inaamka inapiga tena. Na ukirudi kwenye kibanda chenye watu na jiko, funga kamera ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki) kabla hujaingia, ikae humo mpaka ipate joto, la sivyo mvuke wote wa pumzi za watu utagandia lenzi mpaka ndani.

AfandeMstaafu

Nimesoma toka juu. Sisi wengine Rwenzori hatukupanda kwa kupenda. Mwishoni mwa miaka ya tisini hifadhi ikiwa imefungwa kwa ajili ya vita nilikuwa huko na kikosi, viatu vya mpira, blanketi moja watu wawili. Kuna mwenzetu alikuwa na kakamera kadogo ka filamu ya rangi. Tulijipanga kumi na wawili kwenye theluji, kila mtu anacheka maana hakuna aliyewahi kuishika, mmoja aliitia kwenye kikombe akaweka sukari. Filamu ikapelekwa studio mjini kuoshwa, zikarudi theluji ni kijani kijani na sisi nyuso hazionekani, nyeusi tii. Mama yangu alitafuta sura yangu pale hakuniona akasema basi nitaamini tu.

Nimeitunza mpaka leo. Naomba kuuliza mzee, ile kijani ilitoka wapi?

MzeeWaNegativu

Afande, ile ni mashine ya kuchapia. Zile mashine za picha za saa moja zilikuwa zinafanya kama kamera ya huyu kijana, zinataka kila picha iwe ya wastani kwa rangi na kwa mwanga. Zikiona nyeupe nyingi zinaitia giza, zikiona rangi moja imetawala zinaongeza ya kinyume. Na nyuso kupotea ni kwamba kamera ilipima theluji ikafunga mwanga, watu wakabaki makaa. Negativu ukiwa nayo bado, nyuso zinaweza kuwamo, hata kwa mbali. Itafute. Nikiipata nitaichapisha kwa mkono, na nitaichapisha nyeusi-nyeupe, maana kijani kile kitaondoka na nyinyi kumi na wawili mtabaki.

AfandeMstaafu

Nitaitafuta kwenye sanduku. Wengine hawapo tena.

mbeba_mizigo

Wakubwa shikamooni. Nimeonyeshwa huu uzi na dada yangu akaniambia si ni yule mpiga picha uliyembebea. Ni yeye. Mimi ndo nilibeba begi lako jekundu toka Nyakalengija, nikafika na nyinyi mpaka ukingoni mwa barafu.

Boss mimi nilipiga na simu. Ilikuwa mfuko wa shati haikuzima. Sijui RAW lakini ni za rangi. Halafu samahani niseme, nimeona ile yako uliyoposti kwenye ukurasa wako, ya barafu ya Stanley, ni nzuri sana lakini barafu haiko hivyo. Ile barafu ni chafu. Ukingoni ni ya kahawia kama murram iliyonyeshewa, na ina vile vidonge vyeusi vya kuvumwani juu yake, nilikuonyesha ukasema ndio ndio ukapita. Kwa yako hiyo uchafu umekuwa kivuli kizuri. Wazee wetu Bakonzo wanasema pale ni kwa Kitasamba, theluji ni Nzururu, mtu haendi huko hivi hivi tu. Babu yangu alikuwa akiitazama toka chini anajua mvua. Akiiona ile kwenye simu yangu hataitambua. Ya kwako ataitambua. Sijui hapo ipi ndo ya kweli, nyinyi mmesoma.

BintiWaKyeyo

Nimesoma hii mara tatu.

Kamera_ya_Kasese

Ndugu yangu karibu kwenye uzi na wasingya (asante) kwa begi na kwa maneno. Ni kweli ulinionyesha vile vidonge. Nilikuwa nawaza pumzi.

Nimerudi kwenye faili yangu nikaikuza. Pale ukingoni nilipokuwa najisifia mkunjo wa giza unaopanda kushoto, eti unaingiza jicho kwenye picha, ni uchafu. Ni kahawia. Nimefanya kidonda kiwe urembo na nilikuwa naenda kukitundika ukutani nitengenezewe juisi.

MzeeWaNegativu

Usijichape sana. Hebu nikutetee, na nitetee kazi yangu pia. Katika picha yako ile hiyo hiyo, tazama mwamba juu ya barafu. Sehemu ya chini ya mwamba ni nyeupe nyeupe, halafu kuna mstari, juu yake mwamba umekuwa mweusi. Umeuona? Mwamba mweusi umekaa juani na mvuani miaka mingi, umeota ukoga wa mawe. Ule wa chini ulikuwa umefunikwa na barafu juzi juzi, haujaota kitu bado. Ule mstari ndio barafu ilipokuwa. Kwa rangi hautauona hivyo, utaona mawe tu na anga zuri litakuvuta macho. Nyeusi-nyeupe imeficha uchafu wako, sawa, lakini imeonyesha ilipokuwa.

StudioYaKafunda

Mzee nimeuona huo mstari. Yesu wangu. Ni kama alama ya maji ukutani baada ya mafuriko ya mto Nyamwamba, ukienda Kilembe unaikuta kwenye nyumba.

Sawa mimi natulia sasa. Lakini bado nasema ukiweka sita za aina hiyo watu watasema Uswisi. Hakuna lobelia hakuna Uganda.

bwera_mpakani

Mi naona aweke ya yule wa simu. Yule ndiye aliona.

mbeba_mizigo

Nimemtumia boss inboksi picha tisa. Moja kuna kidole changu. Je mnalipa?

Kamera_ya_Kasese

Wadau narudi na majibu, samahani kwa kimya cha wiki, nilienda kwa huyu mtu wa ukumbi.

Nilimpelekea uamuzi wangu umekaa hivi: picha tano nyeusi-nyeupe na moja ya rangi, na ya rangi si yangu. Akakunja uso, "nilikuambia usichanganye." Nikamwekea mezani ile yangu ya Stanley yenye mstari wa Mzee, kando yake ile ya simu ya kahawia, sehemu ile ile, tofauti ya dakika labda tano. Hakusema kitu muda mrefu, halafu akauliza "hii nayo ni hapo hapo?" Nikajua nimeshinda. Tatizo la simu ni ukubwa, nikiichapisha kubwa kama zingine inapasuka inakuwa chenga chenga, kwa hiyo hiyo itakuwa ndogo, saizi ya daftari, na mtu itabidi asogee aikaribie. Nimeona hata ni vizuri, zile kubwa unazitazama toka mlangoni, ya barafu chafu lazima uende.

Lobelia nimezitoa zote. Studio utanisamehe, lakini lobelia kwa nyeusi-nyeupe ni kama kumpiga picha mtu anayeimba. Zitapata ukumbi wao siku nyingine na rangi zao zote. Hizi tano ni za Elena kwenda juu ambako, nimekubaliana na nafsi yangu, ukiacha ile bluu na ile kahawia, rangi haikuwa nyingi hata nilipokuwa nimesimama pale. Ila safari ijayo RAW, na kadi tatu, na nitapiga zile za rangi asubuhi kabla jua halijagonga theluji, halafu nyeusi-nyeupe jua likishapanda na vivuli vikachongoka. Si kwamba nitageuza nikifika nyumbani. Mzee umenitoa ujinga hapo.

Ndugu mbeba_mizigo, unalipwa. Sawa na mimi kwa picha moja, na chini yake limeandikwa jina lako wewe. Ile ya kidole nimeipenda pia lakini hapana.

mbeba_mizigo

Nimeona kwenye simu, imeingia asubuhi hii. Webale boss. Mama ameuliza ni picha ya nini ya kulipiwa nikamwonyesha, akasema mbona barafu imechakaa hivi kama shuka.

Unapanda lini tena? Mwezi wa kumi na mbili mwishoni mvua inapungua. Kamera utanipa mimi nikae nayo na betri ndani ya shati, wewe utembee.

AfandeMstaafu

Mzee nimeipata negativu. Imeshikana na nyingine mbili kwa unyevu, nisizibandue?

MzeeWaNegativu

USIZIBANDUE. Ziache kama zilivyo, ziweke ndani ya bahasha ya karatasi, si kaveera, zisipate joto. Nitumie ujumbe nikwambie basi gani uipakie, nitaipokea mwenyewe Jinja.

StudioYaKafunda

Afande na mimi niko Kampala, basi likipita hapa naichukua naipeleka kwa mkono. Nataka kuuona huo mlo wa theluji na sukari.